Kule Anakokaa Zimwi

Keringet
19 Agosti 1951

Kwa mkwe wangu Mzee Hiram Mburu, Dundori.

Salamu nyingi sana kutoka kwetu sote. Hujambo mkwe wangu? Sisi tu wazima, ila mvua haijatupumzisha tangu mwezi wa sita. Binti yako Wangui ni mzima na amenenepa, lakini usimwambie nimesema. Mapacha wametimiza mwaka na wameanza kutembea, mmoja anakwenda huku na mwingine kule, na mimi nakimbia katikati. Ng'ombe wangu wa madoa amezaa ndama jike. Mchungaji wetu ameumwa na jino wiki mbili, kwa hivyo mahubiri yamekuwa mafupi na kanisa linajaa.

Nakuandikia kwa mkono wangu kwa sababu nikimwachia mwanangu Kiprugut ataandika mistari miwili na kumaliza "mengine tutaongea". Kiswahili changu nimejifunza kanisani, utanivumilia. Kikuyu chako sikijui na Kipsigis changu hukijui, basi tukutane hapa hapa.

Sasa jambo lenyewe. Wiki jana Kiprugut alikuja kwako kumchukua mtoto wake Chelangat. Ulimkaribisha vizuri, ukampa chai na viazi vya kuchoma, ukamwombea safari. Lakini alirudi peke yake. Anasema msichana alishika mguu wa kitanda kwa mikono miwili akalia mpaka majirani wakatoka, kwamba haendi Keringet kwa sababu Keringet kuna zimwi. Huyu Kiprugut hushika fahali kwa pete ya pua bila kusita, mkwe wangu, na ameshindwa na mtoto wa miaka saba.

Tulimleta Chelangat kwenu mwaka jana, Wangui alipougua kwa mimba ya mapacha. Ilikuwa iwe miezi mitatu. Halafu mke wako Mama Wangui akatutoka, Mungu amlaze pema, nasi hatukutaka kuja kudai mtoto kwenye nyumba yenye matanga. Lakini sasa shule ya kanisa letu itafunguliwa tarehe 14 Januari. Mwalimu Jepkoech huandika majina siku hiyo moja tu, na anayekosa hungoja mwaka mzima. Tena mapacha hawamjui dada yao. Na mama yake kila akipakua chakula anapakua sahani moja zaidi, halafu anairudisha.

Kwa hivyo nakuuliza kwa heshima yote: mtoto huyu umemwambia nini?

Ni mimi mkwe wako,
Chepkemei, Mama Kiprugut

*

Dundori
23 Septemba 1951

Kwa Mama Kiprugut ninayemheshimu, Keringet.

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema wewe na watu wote wa boma lako. Barua yako ya Agosti imenifikia juzi. Usinilaumu mimi. Ilikuja na Masinde, yule dereva wa lori la viazi, naye aliiweka kwenye mfuko wa koti la mvua, halafu huku kwetu jua likawaka wiki tatu na koti likabaki msumarini.

Mimi ni mzima ila goti. Tangu niliache jiko la Bwana Mzungu mimi ni mtu wa viazi na pareto, na viazi mwaka huu vimekubali, kimoja kinajaza kiganja. Memsabu bado huniita Krismasi ikikaribia, kwa sababu keki ya mpishi mpya unaweza kuijengea ukuta. Miaka ishirini na miwili nilipika mle ndani na hakuna mgeni aliyebakisha keki yangu kwenye sahani. Nasema tu, sijisifu.

Chelangat ni mzima sana. Ameota meno mawili ya mbele. Asubuhi ananisomea herufi zilizopigwa chapa kwenye magunia, na jioni ananiuliza maswali mpaka nasahau chumvi. Kuku wote amewapa majina ya wazee wa kanisa. Nimemkataza, lakini Mzee Karanja wa kuku anafanana kweli na Mzee Karanja wa kanisa, jinsi anavyotembea.

Kuhusu zimwi. Ai, Mama Kiprugut! Si ni hadithi tu? Zimwi wetu ana nywele ndefu na mdomo wa pili huku nyuma, kisogoni, anaoulia nzi. Anauficha kwa nywele, anajigeuza kijana mtanashati, anakuja ngomani na kuchagua msichana mzuri kuliko wote, kisha anamwongoza mbali mpaka kwake akamle. Hakuna mtoto wa kwetu asiyeijua. Na kila hadithi lazima iwe na mahali. Huyu husemwa anakaa ng'ambo ya msitu wa Mau. Ndivyo mama yangu alivyonisimulia, nami ndivyo ninavyosimulia. Keringet mimi sikuitaja. Labda niliitaja mara moja.

Lakini mimi nami nina swali. Mtoto alipofika hapa mwaka jana alikaa siku mbili miguu juu ya kiti, hataki kukanyaga chini. Tulipombembeleza akatuambia kwamba kogo wake wa Keringet, yaani wewe, alimwambia kuna jitu Dundori. Mbona wakati huo hukupokea barua kutoka kwangu?

Basi sote tuna kesi. Tuvune kwanza, kisha tutaona.

Wasalaam,
Hiram Mburu

*

Keringet
14 Oktoba 1951

Mkwe wangu Mzee Hiram,

Hujambo, na goti halijambo? Mchuzi wa mifupa unasaidia, na kutoinama kwenye pareto kunasaidia zaidi. Hapa wote wazima. Mapacha wamejifunza kusema "hapana" na wanamwambia kila mtu, hata mchungaji.

Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka Wangui akatoka nje kuangalia nimepatwa na nini. Ni kweli. Nakiri mbele yako na mbele ya Mungu. Kwetu zimwi tunamwita chemosit. Ana mguu mmoja, anatembea kwa kuruka na fimbo, na mdomo wake mwekundu unawaka kama taa. Na tena ana... nisamehe mkwe wangu, hili si neno la kumwandikia mkwe, ningekuwa mbele yako ningefunika uso, lakini hadithi haikubali kukatwa. Ana makalio tisa. Haya, nimeliandika. Ukimaliza ichome barua hii.

Na chemosit anakaa upande jua linakotokea, vilimani huko Dundori. Marehemu mama yangu hakufika hata Molo maisha yake yote, lakini Dundori aliijua kwa ajili ya chemosit. Mimi nilimpokea huko huko alikomwacha mama, sikufikiri mara mbili.

Sasa ona tulichomfanyia mtoto. Akitazama huku, mdomo kisogoni. Akitazama kule, yale mambo tisa. Angekaa wapi, juu ya mti?

Dawa ninaijua, na unayo wewe. Kwetu mtoto akitishwa na hadithi, aliyemsimulia ndiye anayeketi naye tena jioni, chakula kikiwa motoni, na kumwondoa huyo mnyama pale alipomweka. Mtu mwingine hawezi. Kiprugut alijaribu siku ile akaambiwa, "Guka hakusema hivyo." Unaona? Ni neno lako wewe babu yake analolishika. Kwa hivyo mchukue zimwi wako umpeleke popote upendapo, mradi si Keringet. Wangu nitamhamisha mimi siku mtoto atakapoketi jikoni kwangu.

Shati la shule Wangui ameshakata kitambaa. Amekisia urefu. Mama kukisia urefu wa mtoto wake, hebu fikiria.

Chepkemei, Mama Kiprugut

*

Dundori
18 Novemba 1951

Kwa Mama Kiprugut ninayemheshimu,

Salamu, na poleni na mvua hizi. Lori la Masinde lilikwama siku nne kwenye tope hapa juu, tukalivuta na maksai kumi na wawili wa Bwana. Barua yako imefika ikiwa mbichi, lakini lile neno lilisomeka. Sikuichoma. Nimeiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya Biblia.

Nimeshughulikia jambo letu kwa bidii, usije ukadhani nimelala. Unaniambia nimhamishe zimwi. Haya, nimhamishie wapi? Zimwi si kuku, huwezi kumtupa tu kwa jirani. Nikaenda kuuliza watu.

Nilianza na Obura, fundi wa matrekta, mtu wa kule ziwani. Nikamwuliza kama naweza kuwapelekea zimwi. Akasema wao wanalo lao linalomeza wasichana, na linakaa kwenye vilima vya Kisii. Masinde akaapa kwamba la kwao Bukusu linakaa kwa Wateso. Mzee Karanja wa kanisa (si yule kuku) alinikaripia kwamba Mkristo hana zimwi, halafu akatazama nyuma na kuninong'oneza kwamba kama angekuwepo angekuwa kwa Wamaasai.

Nikasema basi, wenye elimu watanisaidia. Nilipokwenda kuonja unga wa keki ya Krismasi nikamwuliza Memsabu. Alicheka akakaa chini. Kumbe na yeye bibi yake alikuwa na zimwi! Jitu refu linalosaga mifupa ya watoto liwe mkate. Nikauliza linakaa wapi. Akasema ng'ambo ya bahari, kwa Wafaransa. Nikamwuliza kama Wafaransa wamekubali. Akasema alikuwa na mwalimu Mfaransa utotoni, naye alimwambia linakaa kwa Wajerumani.

Kwa hivyo nafasi hakuna, Mama Kiprugut. Kila kabila limempanga zimwi wake kwa jirani, na jirani naye amepanga wake. Na wote chakula chao ni kimoja, msichana aliyeondoka kwao. Hakuna hata zimwi mmoja anayekula mzee wa viazi.

Nitaendelea kutafuta. Tena kwa sasa mtoto ana kikohozi kidogo, na barabara ndiyo hiyo, na pareto inataka mikono. Hata shule yenyewe, akianza na miaka minane si bado mtoto? Mwaka mmoja si kitu.

Amenifuma kofia. Ina tundu moja zaidi, lakini naivaa kanisani.

Hiram Mburu

*

Keringet
9 Desemba 1951

Mzee Hiram,

Salamu. Sisi wazima.

Barua yako ni tamu, nimewasomea akina mama wa kanisa na wametaka isomwe tena. Lakini mimi niliisoma mara ya tatu peke yangu, na safari hiyo sikucheka. Umemwuliza Mjaluo, Mbukusu, mzee wa kanisa na Mzungu mwenye nyumba. Mtu mmoja tu hukuongea naye, naye ni yule anayeketi jikoni kwako kila jioni.

Nilimwuliza Masinde alipopita. Anasema kikohozi hakuna. Anasema mtoto anakimbiza mbwa kutwa nzima.

Mwaka mmoja ni kitu, mkwe wangu. Wangui ameshapoteza mwaka na nusu. Shati limekwisha kushonwa, limetundikwa mlangoni, na mimi ndiye ninayelipita nikienda kukamua. Zimebaki wiki tano kabla ya Mwalimu Jepkoech kufungua daftari lake. Kiprugut alitaka kuja kumbeba kwa nguvu nikamkataza. Mtoto aliyebebwa akilia atafika kwangu akiniogopa, na mimi sitaki mjukuu anayeniogopa. Nitamngoja hata mwaka, lakini nitaumia, na ninakuambia wazi kwamba nitaumia.

Niambie kuna nini. Mimi si askari.

Mama Kiprugut

*

Dundori
27 Desemba 1951

Mama Kiprugut,

Natumaini mmekula Krismasi vizuri.

Mama yangu hakusema Mau. Nilikudanganya. Mama yangu alisema "mbali", basi, na sisi watoto tulitosheka. Keringet niliiweka mimi.

Ilikuwa jioni ile ya Julai, siku habari ilipofika kwamba Kiprugut anakuja kumchukua. Nilikuwa naponda irio ya viazi na mahindi. Chelangat alikuwa ameketi kwenye kigoda cha marehemu mke wangu, pale pale karibu na kuni, nikimsimulia. Akaniuliza, "Guka, zimwi anakaa wapi?" Nikasema Keringet. Halikuponyoka, nililisema nikijua. Nikamwona ameshtuka, akasogea akanishika suruali, nami nikafurahi. Mzee mzima, mzee wa kanisa, nilifurahi kwamba mtoto anamwogopa mama yake.

Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja. Miezi ile ya kwanza baada ya mazishi nilikuwa napika chakula cha watu wawili, kisha nakaa nakitazama. Huyu mtoto ndiye aliyenirudisha kula. Akiondoka nitapika nini, na nitamwambia nani kwamba kimeungua? Naogopa, Mama Kiprugut. Hiyo ndiyo sababu, nyingine zote nilizokuandikia ni maneno tu. Nisamehe, na umwombe Wangui anisamehe, mimi mwenyewe sitaweza kumwambia nikimtazama.

Jioni ya Krismasi nilifanya ulivyosema. Chakula kilikuwa motoni. Nikamwambia, Keringet hakuna zimwi, hakuwahi kuwepo, ni Guka aliyemweka. Akaniuliza, "Ulimweka kwa nini?" Nikasema sijui. Kumbe hata pale nilikuwa bado nadanganya.

Alikula. Alipomaliza akaosha sahani yake, akasema, "Nitaenda. Lakini na wewe uje, nione kama na wewe huogopi."

Kwa hivyo tutafika tarehe 11 Januari na lori la Masinde, Mungu akipenda. Naleta viazi gunia moja na keki. Siwezi kuja kwa wakwe mikono mitupu, hata nikiwa na aibu kiasi hiki.

Hiram

*

Keringet
3 Februari 1952

Mkwe wangu mpendwa Mzee Hiram,

Hujambo huko Dundori? Umefika salama? Goti limesemaje baada ya lori? Sisi wazima sana. Keki yako ilidumu siku moja. Mchungaji alifika siku ya pili akakuta karatasi, akainusa akasema Haleluya.

Wangui anakusalimu. Ile siku mliyokaa wawili nje mkimenya viazi sikuuliza mlisema nini, na sitauliza. Anaimba akikamua, hilo nitakuambia.

Wewe ulipofika kwangu ulitazama pembeni kwa adabu, kama inavyompasa mkwe, kwa hivyo hukuona. Chelangat aliposhuka kwenye lori hakunisalimu. Alinizunguka mpaka nyuma yangu, akasimama huko, akahesabu yale mambo polepole, "Moja. Mbili." Halafu akaja mbele akanipa mkono. Masinde aliona, na sasa kila kituo anakopakia mzigo anasimulia. Nitamkabidhi kwa Mungu.

Jina limeandikwa. Shati lilikuwa fupi kwa vidole vinne, Wangui ameliongeza kitambaa chini, na mtoto analipenda hivyo hivyo. Mwalimu Jepkoech anasema anasoma kuliko wa darasa la pili. Akamwuliza nani alimfundisha. Akajibu, "Magunia."

Sasa nikuambie ya juzi, ndiyo iliyonikalisha kuandika. Jioni ugali ukiwa motoni watoto wa majirani walijazana jikoni kwangu wakataka hadithi. Nilikuwa naanza, Chelangat akasema, kogo, leo ni mimi. Akawasimulia ya zimwi. Sikuijua ile, na si yako pia.

Alisema zimwi alimchukua msichana akammeza. Watoto wakauliza, alikuwa na njaa? Akasema hapana, alikuwa na irio sufuria nzima. Alimmeza kwa sababu mke wake alikufa, na hakuwa na mtu wa kuongea naye jioni. Mtoto mmoja akasema basi auawe kwa mkuki. Chelangat akamkaripia sana, akasema huyo hauawi. Msichana aligonga tumboni kwa ndani akamwambia, nifungulie nitoke niende shule, nitarudi ikifungwa. Zimwi akafungua mdomo mwenyewe. Alilia, lakini alifungua.

Wangui aliacha mwiko ndani ya sufuria akatoka nje. Sikumwambia mtoto neno lolote la barua zako, mkwe wangu, naapa. Barua zako zipo chini ya sanduku langu pia.

Nikamwuliza, na huyo zimwi wako anakaa wapi? Maana mimi nina desturi ya kutaka kujua.

Akasema, "Si mbali, kogo. Ukipanda lori asubuhi, jioni unakula naye."

Shule inafungwa tarehe 4 Aprili. Nimeshamwambia Masinde amwekee nafasi mbele, upande wa dirisha. Pika cha watu wawili.

Chepkemei, Mama Kiprugut